Manyoya ya Mashine

Simu ya msiba ilinikuta nimeshika chujio mkononi. Nilikuwa Dar es Salaam kwa binti wa kaka yangu, anayeishi ghorofani na mwenye mashine ya kukaushia nguo pembeni ya friji, na kwa tabia yangu nilikuwa nimeshaifungua kabla hata sijanywa chai. Huwa ananicheka. Anasema shangazi yake hawezi kuingia kwenye nyumba ya mtu bila kukagua mashine, kama bwana afya. Basi nilikuwa nimelivuta chujio kutoka kwenye mdomo wa mashine, nikakuta manyoya ya nguo yameganda juu ya wavu, nami nayakunja kwa ncha za vidole kuanzia pembeni, yakitoka yote kwa pamoja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Simu ikaita. Sauti ya mwanamke ikanipa shikamoo, ikasema ni Agripina, mtoto wa Koleta wa Matombo, na kwamba mama yake amefariki alfajiri, wanazika keshokutwa, na wazee wamesema mtani asikose. Nikamwambia nakuja. Nikarudi kwenye chujio, nikalimaliza, nikalipuliza, nikaliinua dirishani kulitazama mwangani kama marehemu alivyonifundisha, na kupitia kwenye ule wavu nikaona ghorofa la jirani na nguo zimeanikwa kwenye kibaraza. Sikulia. Mimi ni Mnyamwezi na Koleta alikuwa Mluguru, na mtani haendi msibani kulia. Anaenda kuwachekesha wale waliolia mpaka wamechoka.

Mwaka niliofahamiana naye nilikuwa msichana tu, nafua katika nyumba ya wageni ya misheni pale Morogoro, chini ya mlima, na kila asubuhi nilikuwa naamka na wazo moja, kuondoka. Sikuwa na ugomvi na mtu. Kazi ilikuwepo, chumba cha kupanga kilikuwepo, lakini hapakukalika. Rafiki yangu tuliyekuwa tunalala chumba kimoja alikuwa ametangulia Dar kufanya kazi hotelini, na alikuwa amenitumia ujumbe kwa mtu kwamba nafasi yangu ipo, nisichelewe, masika ikiisha watampa mwingine. Kwa hiyo mwaka ule wote niliuishi mguu ndani mguu nje. Nilikunja nguo za wageni huku nikisikiliza malori kwenye barabara ya Dar yakibadilisha gia, na kila lori lililopita niliona limeniacha. Leo, baada ya kuhama miji zaidi ya niliyotaka, najua kwamba ile hali haikuwa ya Morogoro. Nilikwenda nayo kila mahali. Lakini wakati ule niliamini kabisa kwamba kinachonisumbua ni ule mlima kuziba njia, na nilimwambia hivyo Koleta siku ya kwanza, naye akanijibu kwamba mlima haujamziba mtu, ni Wanyamwezi tu waliozoea tambarare ndio wanaouona ukuta.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, na ukuta uliovitenganisha haukufika juu, uliishia kichwani kwa mtu mrefu, kwa hiyo tulisikia kila kilichosemwa jikoni na tulinusa kila kilichopikwa. Kulikuwa na karo mbili za saruji, meza ndefu ya kupigia pasi, na mashine moja ya kukaushia iliyoletwa na wafadhili, nzito, nyeupe, yenye mlango wa kioo kama jicho. Wakati wa jua hatukuihitaji. Masika ilipoingia, ukungu ukashuka mlimani na kukaa hadi mchana, shuka zilizoanikwa asubuhi zilikuwa zinaanuliwa jioni zikiwa zimelowa kuliko zilivyoanikwa, na hapo mashine ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba nzima. Koleta alikuwa amenizidi miaka kadhaa na alikuwa ameikuta mashine ile kabla yangu, na kwake sheria ilikuwa moja. Kila mzigo wa nguo ukitoka, chujio litoke. Mzigo mwingine ukiingia, chujio litazamwe tena, hata kama umelisafisha mwenyewe sasa hivi. Mara kwa mara alilipeleka karoni akamwaga maji juu yake, na maji yakisimama juu ya wavu badala ya kupita, alichukua mswaki wa zamani na sabuni ya mche akalisugua, kwa sababu zile sabuni za manukato za wageni zinaacha utando usioonekana kwa jicho. Kisha alilikausha, akaliinua kwenye dirisha letu pekee, lililotazama mlima, akaniuliza kama nauona.

Ilikuwa ndiyo salamu yetu. Unauona mlima? Nauona. Vizuri, au kwa mbali? Nikisema kwa mbali, chujio linarudi karoni. Siku za ukungu, mlima wenyewe ukiwa hauonekani hata kwa macho matupu, nilimwambia kwamba tutasugua mpaka Pasaka, naye akasema afadhali, maana nikisugua sipati muda wa kusikiliza malori. Nilimwita mshuka mlima, mla mchunga, ile mboga chungu ya kwao. Aliniita mpagazi. Kwao Wanyamwezi walikuwa wale wapagazi waliopita na mizigo kichwani kwenda pwani, na kila kikapu cha shuka mbichi kilipotakiwa kunyanyuliwa alirudi nyuma hatua moja akafungua mkono kwa heshima, kama anampisha mkubwa. Beba, mpagazi, kazi ya ukoo wenu hiyo. Nikanyanyua. Ilinichukua muda kugundua kwamba hajanyanyua kikapu hata kimoja tangu mvua zianze.

Manyoya yenyewe, nayo, yalinifundisha kutazama. Blanketi zilitoa ya kijivu. Sare za wanafunzi waliokuja kwenye semina zilitoa ya bluu, na kanzu za mapadre zilitoa meusi mazito yanayong'ang'ania wavu. Taulo na shuka za pamba zilitoa meupe, mengi, laini kuliko pamba ya dukani. Ya rangi Koleta alitupa shimoni. Meupe aliyaweka kwenye mfuko wa salfeti wa unga, na mfuko aliuficha nyuma ya mashine. Nilipomuuliza alisema ni ya kuwashia jiko. Sijapata kuona mtu anayechagua rangi ya kitu cha kuwashia jiko. Halafu siku moja ya makande, nikiwa naosha vijiko karoni, nikawasikia wapishi upande wa pili wa ukuta. Mama Zuhura, mpishi mkubwa, mwanamke mwema asiyejua kusema kwa sauti ya chini, alikuwa anamwambia mwenzake kwamba Koleta ana kitu tumboni tena, amemwona anavyokaa, na Mungu amsaidie safari hii, maana zile zilizotangulia hazikukaa. Ya mwisho, alisema, alishanunua na shuka ya mtoto sokoni Mkuyuni, mama yake akamkemea kwamba anamtandikia mtu ambaye hajafika, na kweli kabla mwezi haujaisha mimba ikatoka. Nikakausha mikono. Nilipogeuka, Koleta alikuwa amesimama mlangoni na kikapu kitupu, naye alikuwa amesikia yote. Akaniambia chujio halijatazamwa.

Watu wa leo wakisikia habari za kutomwandalia mtoto kabla hajazaliwa wanacheka. Binti wa kaka yangu alifanyiwa sherehe, wakapuliza mapulizo, wakapanga nguo za mtoto mezani na tumbo lenyewe likiwa bado pale pale. Sisi hatukuthubutu, na wengi bado hawathubutu. Hununui, hushoni, hutaji. Mtoto anafika kwanza, vitu vinamfuata. Na Koleta aliogopa zaidi kuliko wengine kwa sababu alikuwa na ushahidi. Lakini alikuwa anamtaka yule mtoto kwa namna ambayo mikono yake ilikataa kukaa bure, na mikono ikatafuta upenyo. Nilielewa mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba ule mfuko ulikuwa mto wa mtoto. Nyumbani asingeweza kuuweka, mama mkwe angeuona. Kwa hiyo yeye, ambaye asingeacha unyuzi mmoja kwenye chujio, aliweka mfuko mzima wa manyoya nyuma ya mashine inayopumua moto.

Mfuko uliwaka asubuhi moja, shuka za kwanza zikiwa ndani ya mashine. Bomba linalotoa hewa ya moto nje lilikuwa limelegea kwenye maungio, na sijui kama ilikuwa cheche au joto tu, nilisikia harufu ya nywele zinazoungua na nikaona moshi unapanda ukutani. Nilizima mashine, nikaingiza mkono nyuma, nikauvuta mfuko ukiwa unawaka nikaukokota hadi uani kwenye matope. Manyoya hayaungui kama karatasi. Yanapotea. Nilipofika uani nilikuwa nimeshika kipande cha mfuko na mkono unaniwasha, na mvua ikamalizia yaliyobaki. Mama Zuhura alikuja na ndoo. Sista Aurelia, aliyekuwa msimamizi wetu, alikuja na mwavuli, mwembamba, mpole mpaka anapokasirika, akatazama ukuta uliokuwa mweusi, akatazama matope, akauliza mfuko ni wa nani.

Koleta alikuwa amesimama karibu na karo ameshika chujio kifuani kwa mikono miwili. Akisema ni wangu, ataulizwa wa nini, na akisema wa nini, ametaja. Mbele ya wapishi, mbele ya sista, mbele ya kila mtu aliyekuwa anachunguza anavyokaa na anavyosimama. Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza. Nilisema ni wangu, nakusanya nijaze mto wa kulalia nitakapofika Dar, na sista akaniambia, kwa sauti iliyotulia kuliko nilivyostahili, kwamba anajua siku nyingi kuwa mimi niko safarini, na kwamba kama ninataka kuondoka niondoke kwa basi, nisiondoke kwa kuwachomea nyumba. Kuanzia siku hiyo unyoya usilale ndani ya jengo, na bomba likafungwa upya na fundi. Nilinusurika kufukuzwa kwa sababu masika ilikuwa kali na hakukuwa na mtu mwingine wa kufua.

Kilichofuata ndicho kilichonitisha. Koleta aliacha utani. Alifanya kazi yake, chujio lilitoka na kurudi, lakini hakuniuliza kama nauona mlima, na manyoya yote, meupe na ya rangi, aliyatupa shimoni bila kuyatazama. Chai ya saa nne, ambayo alikuwa anaitia mdalasini wa kwao Matombo kutoka kwenye kikaratasi chake mwenyewe, aliiacha ikapoa. Magimbi aliyamenya akayaweka kwenye sahani yangu. Kwa siku nyingi nilivumilia, maana nami nilikuwa na yangu, ujumbe wa pili ulikuwa umefika kutoka Dar na nilikuwa nalala na begi limefungwa. Ndipo mchana mmoja, mashine ikizunguka na mvua ikipiga bati, akasema bila kunigeukia:

"Sikununua kitu safari hii, Kalunde. Sikushona kitu. Nilisafisha chujio tu."

Nikasema najua.

"Na bado umeungua. Hiyo ni nini kama si kuambiwa?"

Ningeweza kumwambia habari za bomba na maungio. Alizijua kuliko mimi. Ningeweza kumwambia kwamba hizo ni imani tu, na angenisikiliza kwa adabu na kurudi kwenye hofu yake. Nilichokuwa nacho ni utani, na utani una ruhusa ambayo ndugu hawana. Nikaacha pasi, nikamwambia Waluguru ni watu wa ajabu, wanadhani kila kitu duniani ni chao mpaka moto. Mfuko ulioungua ulikuwa wa nani? Si nilisema mbele ya sista kwamba ni wangu? Basi kilichoungua ni mto wangu, mikosi ni yangu, na yeye ananyang'anya mikosi ya mtani kwa sababu gani. Akanigeukia. Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia nitaanza mfuko mwingine leo, mweupe mtupu, nitaubeba mimi na kuulaza chumbani kwangu, yeye asiuguse, asiuulize, asijue unakwenda wapi. Wao si wanasema sisi ni wapagazi? Mpagazi haulizwi ndani ya mzigo kuna nini.

Mashine ikasimama. Alikwenda, akavuta chujio, akakunja manyoya ya taulo kwa vidole vyake taratibu, akayaweka mezani mbele yangu kama kitu alichokiokota njiani asimjue mwenyewe. "Haya, mpagazi," akasema. "Lakini usiende nao Dar."

Hapo ndipo nilipojifunga. Sikuahidi kwa maneno, lakini jioni ile nilitoka na kifurushi cha manyoya ndani ya kanga, na kila jioni iliyofuata hivyo hivyo, kwa miguu hadi chumbani kwangu, na begi langu lililokuwa limefungwa nikalifungua ili kupata nafasi ya kuyaweka. Masika ikaisha. Nafasi ya hotelini akapewa mwingine. Nilichukia, sitaki kudanganya. Kuna asubuhi nilizosimama mbele ya ile mashine nikamchukia Koleta, na tumbo lake, na mlima, na nikajiuliza mimi ni nani kwao hata nikae hapa kuokota vumbi la nguo za watu. Halafu aliingia akitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, kila wiki polepole zaidi, na mimi nikajikuta nalitazama tumbo kabla ya uso kuona kama bado lipo. Jikoni Mama Zuhura alikuwa ameacha kulizungumzia. Hata yeye alikuwa anaogopa kulitaja.

Jua lilipokaza na mashine ikafunikwa kwa shuka kungojea vuli, Koleta alipanda kwao Matombo kujifungulia kwa mama yake. Hakuniaga. Nikakaa na mfuko wangu, umejaa hadi shingoni, nikisubiri habari kutoka kwa kila mama aliyeshuka na ndizi sokoni. Ilikuja kwa mwanamke nisiyemjua, aliyefika pale kwenye geti la nyumba ya wageni na kusema kwamba ameambiwa amwambie yule Mnyamwezi kwamba chujio limetazamwa na mlima unaonekana vizuri. Basi. Nilijitwisha mfuko. Gari lilinifikisha Mkuyuni likashindwa, nikaendelea kwa miguu na mfuko kichwani, nikicheka peke yangu njia nzima, maana watu wote niliopishana nao waliona Mnyamwezi na mzigo na kila mmoja alikuwa na la kusema. Mama yake Koleta alitoka nje, akaniona, akapiga vigelegele kabla sijampa shikamoo. Koleta alikuwa amekaa kitandani na mtoto wa kike, mwekundu, mwenye hasira. Akautazama mfuko akaniuliza, kwa uso mkavu kabisa, nimebeba nini. Nikamwambia sijui, mimi ni mpagazi.

Wiki iliyofuata niliondoka Morogoro. Nilikaa Dar, nikakaa Mwanza, nikaolewa Dodoma na nikaachika huko huko, nikarudi Dar. Tulionana mara chache, na kila mara kwa matusi ya utani yasiyo na uzito. Sikuwahi kumuuliza mto uliishaje. Nilidhani ulishaoza zamani.

Barabara ya Matombo bado ni ile ile, ila siku hizi unapandishwa na bodaboda. Nilifika wanawake wakiwa wamekaa chini sebuleni, wamechoka kwa kulia, na mwili uko chumba cha pili. Nikaingia kama anavyoingia mtani, kwa makelele, nikauliza nani amewaruhusu kuzika bila ruhusa yangu. Nikapita kwa wapishi nikanyakua chekeche la unga, nikasimama nalo katikati ya sebule, nikaliinamia, nikalipuliza, nikalisugua kwa ukucha nimekunja uso kama yeye, kisha nikaliinua dirishani. "Unauona mlima?" nikamuuliza mama mmoja kwa sauti ya Koleta. "Vizuri, au kwa mbali?" Waliomjua walianza kucheka huku wanafuta macho, na mmoja akaanguka ubavu kwa kicheko, na mimi nikajisikia kwamba kazi naiweza. Sehemu iliyobaki ni kuiba. Mtani huchukua kitu cha marehemu akimbie nacho, ndugu wamkimbilie mlangoni wakikomboe kwa chochote, kuku, ndizi, maneno. Nikaingia chumbani alimokuwa akilala. Kitandani kulikuwa na mto mdogo, bapa, foronya mpya, na nilipoushika vidole vyangu viliujua kabla yangu. Ulikuwa na mabonge, kama manyoya yanavyokuwa yakishafuliwa mara nyingi. Nikaubeba kichwani nikatoka nao, nikitangaza kwamba mzigo huu nakwenda kuuza Tabora.

Hakuna aliyeinuka. Nilifika mlangoni, nikasimama, nikageuka kuwadai wanikimbilie. Agripina alikuwa amekaa karibu na kizingiti, mwanamke mzima sasa, ana macho ya mama yake.

"Mama alisema mtani akiuchukua tusiukomboe," akaniambia. "Alisema tumwache mpagazi aende na mzigo wake. Alisema ulikuwa wako mbele ya sista."

Nilimtukana mama yake tangu nikiwa msichana, na mpaka siku ile sikuwahi kukosa neno. Nikakaa chini pale pale mlangoni na mto mapajani, nikalia mimi, mtani, kwa sauti, mbele ya msiba mzima, na wale wanawake wa Matombo, ambao mimi ndiye niliyekuja kuwachekesha, wakaanza kunicheka.